Garnitire za Bei Nusu kwenye Mteremko wa Nguba

Weka hicho kifurushi mezani, mwanangu, usikifungue bado. Ipo asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na kila nikiiwaza kifundo hiki cha mkono kinaanza kuniuma. Kaa uisikie kwanza, kisha ndipo umwite fundi wako.

Najua ulichonunua. Nimekiona kupitia plastiki, na nimeiona pia hiyo furaha yako ya mtu aliyemshinda muuza duka. Ni garnitire za breki, vile vipande viwili vilivyopinda vinavyokaa ndani ya gurudumu la nyuma na kulibana unapokanyaga. Si orijine, ni kopi, na umezipata kwa nusu ya bei. Umeniuliza kama umefanya vizuri. Sitakujibu kwa ndiyo au hapana kama mwalimu wa katekisimu, kwa sababu vitu vya kopi vimo hata humu nyumbani mwangu, na vingine vimenitumikia vizuri kabisa.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa. Tulikaa hapa hapa, juu, pale barabara ya Nguba inapoanza kuinama kuelekea ziwani. Nyumbani tulikuwa baba yetu, tuliyemwita papa, dada yangu Furaha na mtoto wake mchanga, kaka yangu Pascal na mimi. Papa alikuwa ameendesha malori ya njia ya Bunyakiri mpaka magoti yakamkatalia. Pascal alikuwa motard, mbeba abiria wa pikipiki kama wewe, kijana wa haraka na maneno matamu. Akina mama wa soko waliwaacha motards wengine wakamsubiri yeye.

Sasa wewe unajua tabia yenu vijana wa mji huu wa vilima. Mkifika juu ya mteremko mnazima injini, mnaweka gia huru, pikipiki inashuka yenyewe kimya kimya hadi chini. Roue libre, mnaita, na mnajisifu kwamba mnaokoa mafuta. Papa aliichukia tabia hiyo kuliko pombe. Alikuwa akimwambia Pascal kwamba gia na injini ndizo zinazoshika chombo mteremkoni, na ukizizima umeuachia mguu wako kazi yote. Pascal aliitikia vizuri sana, oui papa, halafu akifika kwenye kona tunasikia injini imenyamaza.

Na breki ya mbele? Haikuwa na nguvu, wala hakuizoea. Aliogopa kupinduka. Kwa hiyo ilibaki ile ya nyuma peke yake, na ndani ya ile ya nyuma alikuwa amefunga garnitire kama hizo zako.

Asubuhi hiyo mtoto wa Furaha aliamka akiwaka homa. Furaha mwenyewe alikuwa amekwenda shambani kwa mama mkwe wake, kwa hiyo nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge nikamwambia Pascal atukimbize kwenye kituo cha afya kule chini. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na barabara ilikuwa inateleza. Tulipofika pa kuanzia kushuka akazima injini. Nilikuwa nimeshazoea, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa mtoto.

Mwanzoni kulikuwa kimya tu, na upepo. Halafu nikahisi mgongo wa Pascal umekuwa mgumu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga breki, unapiga tena, na pikipiki haisikii.

"Pascal?" nikamwita.

"Unishike. Unishike nguvu!"

Mwanangu, sijawahi kuona nyumba zikipita hivyo. Alijaribu kuingiza gia, kitu kikakwaruza chini yetu, pikipiki ikatikisika, lakini haikushika. Mbele, kwenye kona, walikaa wanawake wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mabeseni yao, wameipa barabara mgongo. Pascal alianza kupiga kelele, "Mutoke! Mutoke!" Mmoja aligeuka, akatuona, akamvuta mwenzake kwa nguo. Mimi nilikuwa nasema jina la Maria, silimalizi, nalianza upya. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani: tukianguka, nisianguke kwa mgongo.

Ng'ambo ya kona kulikuwa na lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga. Pascal akalielekea. Kwa hilo sitamnyima sifa, angeweza kuruka yeye akatuacha. Tuligonga mchanga, nikarushwa mbele, nikaweka mkono chini ili uso na kifua vipokee na mgongo ubaki juu. Mkono ulivunjika hapa. Nilisikia sauti yake, lakini maumivu hayakuja mara moja, kwa sababu masikio yangu yalikuwa mgongoni. Mtoto alikuwa kimya. Wale mama walinijia mbio, mmoja akafungua kitenge, na ndipo mtoto akalia. Alilia kwa hasira, mdomo wazi kabisa, na mimi nikaanza kulia pamoja naye kwa furaha.

Kabla wale mama hawajatupeleka mimi na mtoto kituoni kwa miguu, Pascal alifungua gurudumu pale pale. Ile sehemu nyeusi inayobana ilikuwa imebanduka yote kutoka kwenye chuma chake, kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Chuma kilikuwa kipya, kinang'aa. Gundi tu ndiyo ilikuwa imekubali kushindwa.

Unadhani alijifunza? Hata. Jioni alinunua nyingine za aina ile ile, duka lile lile, akazifunga. Pikipiki lazima ifanye kazi kesho, alisema.

Kesho yake asubuhi, papa alikuwa amekaa mlangoni akimtazama anavyofuta kiti cha abiria.

"Ulifunga tena zile zile?"

"Papa, watu wote wanafungaka hizi. Ya jana ilikuwa malheur, bahati mbaya tu."

"Kwa hiyo iko muzuri?"

"Iko muzuri, papa."

"Basi ngoja nivae koti."

Papa aliingia ndani akatoka na koti lake la misa na kofia. Akaiegemeza ukutani fimbo yake ya kutembelea. Akapanda nyuma ya Pascal, polepole kwa sababu ya magoti, akaweka mikono yake miwili juu ya mapaja. Hakumshika Pascal kiunoni, wala hakushika chuma cha kiti.

"Unipeleke kule mulianguka. Ukifika pa mushuko, uzime moteri, vile unazoeaka."

Pascal alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. Papa hakucheka. Walikwenda, na mimi nikawafuata kwa miguu na mkono wangu uliofungwa ubao. Furaha, aliyekuwa amerudi usiku, alikuja nyuma yangu na mtoto. Majirani waliona koti la misa siku isiyo ya misa wakatoka pia. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko jana yake, maana jana sikujua, na sasa nilijua.

Pale juu Pascal alisimama, miguu yote chini. Kule kwenye kona wauza sambaza walikuwa wamerudi mahali pao. Lundo la mchanga halikuwapo tena, mafundi walikuwa wamelichota.

"Zima," papa akasema.

Pascal alizima. Ikawa kimya mpaka tunasikia mafuta yakitikisika kwenye tangi.

"Toa miguu chini."

Aliinua mguu mmoja. Pikipiki ikaanza kujivuta mbele, kidogo tu, na Furaha akapiga yowe. Pascal akaurudisha mguu haraka.

"Papa, shuka. Nakuomba, shuka."

"Nishuke sababu ya nini? Ulisema iko muzuri."

"Siwezi, papa."

"Mutoto wa dada yako uliweza."

Papa hakupandisha sauti. Aliyasema hayo akiwa bado amekaa, kofia kichwani, anatazama ziwa. Pascal aliweka paji la uso juu ya usukani akalia mbele ya majirani wote, kijana mkubwa, mwenye ndevu. Alipomaliza, papa alishuka, akanyoosha koti lake, akanishika bega la mkono mzima, tukarudi nyumbani tukitembea. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, nalo lilipenya hadi kwenye nguo yangu. Hapo nikajua kwamba naye aliogopa. Alijua kabisa kwamba kaka yangu angeweza kuwa mjinga kiasi cha kushuka.

Usifikiri Pascal aligeuka malaika. Alinuna. Pikipiki ilikaa uani mpaka alipopata garnitire za orijine, na muda huo wote tulikula ugali wa fufu na sombe ya majani ya muhogo, samaki tulimsikia kwa harufu ya majirani. Lakini hakuzima injini tena mteremkoni, hadi leo. Yuko Lwiro sasa, kichwa cheupe, na vijana wanampita wakimcheka kwamba anachoma mafuta bure. Anawaacha wapite.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili, mwanangu, nalo si refu. Kioo nunua kopi. Mkeka wa kiti, honi, kifuniko cha taa, kikinga matope cha gurudumu, nunua unachoweza, vikivunjika utaona aibu tu. Lakini kinachosimamisha, kinachoshika barabara na kinachovuta, yaani breki, matairi na mnyororo, hivyo usivitafutie unafuu. Kama huna uwezo leo, iache pikipiki uani, nitakupikia sombe, hatutakufa. Na hata ukifunga orijine, usizime injini kwenye mteremko, kwa sababu orijine nayo inachoka. Duka likikuchanganya, wewe hujui ipi ni ipi, na muuzaji anaapa kwa mama yake, mfanyie kama papa: jiulize nani unampenda kuliko wote, mkalishe nyuma kwa mawazo, halafu zima. Mguu ukikataa kuinuka, umejibiwa.

Nawe hutakiwi hata kuwaza mbali. Uliniambia kesho unamshusha mkeo kwenye kituo cha afya kule chini, wampime mimba. Neema wako hajakusimulia habari hii kwa sababu haijui, tuliamua asikue na hofu ya barabara. Yule mtoto aliyelia kwenye kitenge changu, masikio yangu yakiwa mgongoni, ni yeye. Nilimvunjia mkono huu ili afike kwako mzima.

Mungu atangulie mbele ya gurudumu lako, mwanangu. Akupe abiria wenye shukrani, mvua ikukute umeshafika, na kila jioni urudi nyumbani umechoka tu, hujaumia. Mtoto anayekuja akulilie kwa hasira, mdomo wazi kabisa.

Haya, chukua kifurushi chako. Bado ni mapema, duka halijafungwa.