Aliyekuja Kumuulizia Mama Furaha

Jumanne, tarehe 12 Septemba 2017, ilikuwa siku ya soko. Niliuza unga wa muhogo, nikanunua chumvi na sabuni, nikarudi nyumbani kabla ya saa nane. Mume wangu, Asende, alikuwa mwashi, na siku hiyo alikuwa akijenga ukuta wa jiko letu kwa mawe aliyoyachonga mwenyewe. Binti yetu mkubwa, Furaha, mwenye miaka kumi na mitano, alimchotea maji ya udongo huku akimcheka kwamba ukuta umepinda. Asende akamjibu kwamba si ukuta uliopinda, ni shingo yake. Riziki, wa miaka saba, na Eliya, wa miaka minne, walicheza kwenye rundo la kokoto. Naitaja siku hiyo kwa sababu haikuwa na neno lolote la kutajwa.

Wakati huo sikujua kusoma. Tarehe ninazoziandika hapa nimezitafuta baadaye, moja baada ya nyingine, katika kalenda za kanisa na madaftari ya watoto, na kwa kuwauliza waliokuwapo. Ile ambayo sikuithibitisha sikuiandika.

Tuliishi katika vilima vilivyo juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Vita vilikuwa vimezunguka vijiji vya jirani kwa miezi mingi, vikija na kuondoka, hata tukazoea kuvisikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua ya bonde la pili. Wazee wetu walikwisha kutuachia kanuni mbili za kukimbia. Ya kwanza ni kwamba familia haikimbii kwa njia moja. Hugawanywa kama mbegu, ili shamba moja likiungua, lingine libaki. Ya pili ni kwamba aliye njiani wakati wa vita hatajwi jina. Kumtaja ni kumwonyesha kwa mauti. Unamnyamazia mpaka afike, ndipo unapomwita.

Nilizijua kanuni hizo tangu utoto, na sikuwahi kuziuliza swali.

Alhamisi, tarehe 14 Septemba, saa tisa alasiri, ng'ombe wa ng'ambo ya bonde walianza kukimbia bila mchungaji.

Kisha tukasikia bunduki.

Asende aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu atakayerudi kuuchukua. Akasema mimi niende na wadogo kwa njia ya ziwani, naye aende na Furaha kwa njia ya msituni.

Furaha alinishika mkono.

"Mimi naenda na Mama."

"Nenda na baba yako," nikamwambia. "Wewe unaweza kukimbia."

Hakuniachia. Nilivibandua vidole vyake kimoja kimoja.

Asende akasema haraka mahali pa kukutana: kwa mdogo wake, Mlondani, aliyefanya kazi katika kiwanda huko Thika, nchini Kenya. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, lakini Mlondani alikuwa ametueleza nyumba yake mara nyingi, hata watoto waliijua kwa moyo: Makongeni, mwisho wa mstari, ua wa michongoma, mlango wa kijani.

"Mlango wa kijani," Asende akarudia.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Tulivuka ziwa tarehe 17, katika boti ya injini iliyojaa watu wasiotazamana. Huko Kigoma, sokoni, nilimwona kijana niliyemtambua. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja kijijini mwezi Agosti na bunduki kudai mbuzi. Sasa alikuwa amevaa shati safi, akila mahindi. Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui kama alinitambua, wala sijui kama naye alikuwa amekimbia kama mimi. Tangu siku hiyo niliamini kwamba vita hujua kuvuka maji.

Tulifika Thika Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2017. Nyumba ilikuwa kama ilivyoelezwa, ila kuukuu kuliko nilivyodhani. Kuta za mawe zilikuwa nyeusi kwa moshi wa wapangaji wengi. Ua wa michongoma ulikuwa umepita paa, na miiba yake ilikwaruza bati kila upepo ulipovuma. Mchana jua likikaza, mabati yalitanuka na kulia kwa kishindo kimoja kimoja, kikavu. Mara ya kwanza tuliposikia, Riziki alimvuta Eliya chini ya kitanda bila kuambiwa. Shemeji Mlondani alibaki amesimama na kikombe chake cha chai, asijue acheke au alie.

Asende na Furaha hawakuwapo.

Kwa wiki nyingi watoto walilala na viatu. Sikuwakataza. Mimi mwenyewe niliipima nyumba ile kama mtu anayepima jeneza: chumba kimoja na sebule, madirisha mawili yenye vyuma, mlango mmoja tu. Mtu akija kwa mbele, hakuna pa kutokea nyuma. Kila asubuhi nilikagua udongo mbele ya mlango kuona kama pana alama za viatu nisivyovijua.

Mwezi wa Januari Mlondani alipata kazi Mombasa, akaniachia nyumba. Baada ya wiki chache simu yake haikupatikana tena. Nilibaki na mwenye nyumba, Mama Njeri, mjane mwenye kibanda cha mboga mwanzoni mwa mstari. Ulimi wake ulikuwa mkali na mkono wake mpana. Alinitafutia kazi ya kufua nguo katika nyumba tatu huko Kahawa Sukari. Majirani niliwaambia natoka Kigoma. Kwa jina nilijiita Mama Riziki.

Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na tangu mwaka 2002 nilikuwa Mama Furaha. Lakini Furaha alikuwa njiani. Ningewezaje kuruhusu jirani aliite jina lake mara kumi kwa siku, dukani na bombani, wakati sijui yuko chini ya mti gani, mbele ya nani? Nilimficha mwanangu kwa kunyamaza. Ndivyo nilivyoelewa.

Mama Njeri peke yake nilimwambia ukweli, tena nusu. Nilimwambia kwamba natoka Kongo, na kwamba kuna watu wanaoweza kunifuata.

"Akija mtu kumuulizia Mkongo," nikamwambia, "sema hayupo. Awe nani, sema hayupo."

Alinitazama, akaendelea kukata sukuma wiki.

"Hapa kwangu hatapita," akasema. "Mimi nikisema hakuna, hakuna."

Sikumwambia kwamba nilikuwa namngoja mtu. Kumwambia kungekuwa kumtaja.

Mimi ni mtu wa kujivuna, na siionei haya tabia hiyo. Ndiyo iliyonitembeza kutoka ziwani hadi Thika. Sikupenda kuona watoto wangu wakionyeshwa kama wa nyumba ile ya michongoma. Mama Njeri naye hakunipa raha. "Mama Riziki, hiyo miti utaitoa lini?" aliniuliza kila jioni. "Watu wanadhani nimepangisha nyoka." Nami niliuogopa ua ule, kwani ungeweza kumficha mtu mchana kutwa. Kwa hiyo, kabla ya Pasaka ya 2018, nilikodi panga, nikaikata michongoma yote mpaka shinani. Jumamosi, tarehe 24 Machi, nilipaka mlango rangi ya buluu ambayo tajiri wangu mmoja wa Kahawa Sukari alitaka kuitupa. Mama Njeri alisimama, mikono kiunoni, akasema sasa imekaa nyumba ya watu.

Usiku ule nililala vizuri. Tangu Septemba ilikuwa mara ya kwanza.

Je, sikukumbuka maneno ya Asende? Nilikumbuka. Nilijiambia kwamba mwisho wa mstari ni mwisho wa mstari, hata mlango uwe wa rangi gani. Sikujua kwamba mwezi Mei wangejenga vyumba vipya sita kuendeleza mstari ule, na nyumba yangu ingebaki katikati.

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2018, nilikuwa kazini Kahawa Sukari, na watoto walikuwa kanisani katika mafundisho. Mama Njeri anaikumbuka siku hiyo kwa sababu kesho yake ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, na vijana walikuwa wakibishana mbele ya kibanda chake.

Mwanamume alikuja akichechemea. Alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Nyuma yake alisimama msichana mrefu aliyejifunika kichwa.

Aliulizia nyumba ya mwisho, yenye michongoma na mlango wa kijani.

Mama Njeri akasema hapana nyumba kama hiyo.

Akamuulizia Mlondani. Alikwisha kwenda.

Akamuulizia mwanamke Mkongo, Mama Furaha.

"Hapa hakuna Mkongo," Mama Njeri akasema. "Na hakuna Mama Furaha."

Mwanamume hakuondoka mara moja. Alitazama mstari mzima wa nyumba, mlango kwa mlango. Kisha akashukuru, akaenda.

Jioni niliporudi, Mama Njeri alinivuta kando akanieleza kwamba walikuja. Alisema mtu wa kovu, mwenye macho ya vita, na kwamba amemfukuza. Hakumtaja msichana, hakuona kuwa ana maana. Asende niliyemwacha hakuwa na kovu wala hakuchechemea. Nilimshukuru Mama Njeri. Nilimpikia maandazi. Kisha nikaweka kitanda nyuma ya mlango, na kwa mwezi mzima kitanda hakikuondoka pale.

Mwaka uliofuata nilianza kusoma. Darasa la ngumbaru lilifunguliwa katika ukumbi wa kanisa Jumatatu, tarehe 14 Januari 2019. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Mwalimu wetu, mzee mstaafu, alitaka kila siku tuanze kwa kuandika tarehe, na mimi niliipenda kazi hiyo kuliko nyingine zote. Mwezi wa Aprili alitupa zoezi: kila mmoja aandike jina lake kamili, alikozaliwa, na familia yake. Nilikaa muda mrefu bila kuandika. Mwishowe nikajiambia kwamba wazee walikataza ulimi, hawakukataza kalamu. Nikaandika: "Mimi ni Mapendo, mke wa Asende. Nilizaliwa Kongo. Watoto wangu ni Furaha, Riziki na Eliya." Mwalimu alizisifu herufi zangu, akaibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kanisa.

Jumapili, tarehe 28 Aprili 2019, kwaya kutoka Ruiru ilikuja kuimba kwetu. Baada ya ibada watu walisimama nje wakinywa chai. Mbele ya ubao alisimama msichana wa kwaya, kidole chake kikiwa juu ya karatasi yangu. Hakikusogea.

Nilimjua kwa shingo.

Sitaandika tulivyolia. Nitaandika alichonieleza siku ile na siku zilizofuata.

Msituni walipigwa risasi. Moja ilimpitia Asende usoni, nyingine ikabaki nyongani. Walikaa miezi katika zahanati moja ya misheni, kisha wakaja Kenya kwa njia ndefu. Walipokosa mlango wa kijani walirudi hadi Ruiru, ambako Asende alipata kazi ya mjengo, katika ghorofa moja kando ya barabara kuu, na Furaha kazi ya saluni. Nilikuwa nikipita Ruiru mara mbili kila siku ya kazi. Ghorofa hilo nililiona likipanda.

Asende hakupona nyonga. Aliugua mwezi wa Februari, akafa Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019. Tangu siku ile ya kibandani nilikuwa nimemkosa kwa miezi saba na siku ishirini na tatu, na karatasi yangu ilichelewa siku hamsini.

Nilimuuliza Furaha swali moja tu. Mbele ya kibanda kile, baba yake alinitaja kama Mama Furaha, kwa kuwa Furaha alikuwa amesimama pale, amefika, na jina lake halikuwa na hatari tena. Lakini je, hakuwataja wadogo?

"Hakuwataja," akasema. "Mama, jina la Riziki lilikuwa mdomoni mwangu. Nilitaka kumwambia yule mama, kuna mtoto anaitwa Riziki. Baba alinitazama. Nikalimeza."

Mama Njeri alikuwa ameketi nasi. Kila siku alimuuzia Riziki peremende, akimwita kwa jina kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Aliinuka, akaenda kwake, na kwa siku tatu hakufungua kibanda. Siku ya nne nilimwendea. Alisema, "Nilifanya vile uliniambia." Nikamwambia ndiyo, alifanya nilivyomwambia, na hakuna aliyewahi kunilinda kwa uaminifu kama yeye. Hilo bado nalishikilia.

Watu huniuliza kama nazilaumu kanuni za wazee. Siwezi kujibu kwa neno moja. Ile ya kugawa mbegu ilituokoa. Tungekwenda sote msituni, Eliya asingefika. Ile ya kunyamaza tuliishika sote watatu, mimi kwa upande wangu, wao kwa upande wao, kwa utii na kwa upendo, hatua chache kutoka kwa mtoto aliyekuwa akirudi kutoka kanisani. Waliotupiga risasi siwajui kwa majina. Lililofanyika Makongeni nalijua lote, na wote waliolifanya walinipenda.

Jambo moja Furaha alilificha kwa mwaka mzima kabla ya kuniambia. Walipotoka Thika siku ile ya Julai, baba yake aliamua kwamba ziwa lilitumeza. Alinyoa nywele, akamwambia naye anyoe, wakakaa matanga siku tisa katika chumba cha kupanga, watu wawili tu, bila jamaa wala wimbo. Siku ya tisa alitutaja kwa majina, mimi, Riziki na Eliya, kwa sauti, kama wanavyotajwa waliofika.

Mimi ni mjane tangu tarehe 9 Machi 2019. Asende alikuwa mjane kabla yangu, tangu Julai ya mwaka 2018, na alikufa akiwa mjane, wakati mke wake alikuwa hai, Thika, akijifunza kuandika jina lake.