Vidonge Vinne Ndani ya Leso

Niliondoka Thika kwenda Ruiru kudai haki yangu. Mwaka uliotangulia, 1996, madaktari wa India walitoa uboho kwenye mfupa wa nyonga yangu wakampa mdogo wangu Kamau, aliyekuwa na saratani ya damu. Mimi nilirudi mapema, yeye akabaki huko. Sasa alikuwa nyumbani miezi miwili na kila nikitaka kumwona naambiwa ningoje. Ningoje nini?

Saa mbili asubuhi Mzee Gitau, jirani anayeuza mananasi, alinipa nafasi mbele ya pikapu yake. Nilipakata sufuria ya mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa.

"Hicho kifua kimeanza lini, Mama Wambui?"

"Ni vumbi tu, mzee."

Uongo mtupu. Nilikuwa nakohoa siku ya tatu.

Njiani, pale Witeithie, tulisimama ninunue sukari. Nilikohoa mpaka mwenye duka akaniletea maji. "Na unaenda kuona mgonjwa hivyo?" akauliza. Nikamwambia apime sukari.

Saa nne tulifika Ruiru. Njeri, mke wa Kamau, alinipokea getini na beseni la maji na sabuni. Nilinawa vizuri tu, halafu kikohozi kikanisaliti. Akaweka kigoda nje, hatua kadhaa kutoka dirishani.

"Pole, Mama Wambui. Utaongea naye kutoka hapa."

"Mimi? Na uboho wangu uko mle ndani!"

"Huo uboho bado ni mchanga. Chanjo za utotoni zote ni kama hakuchanjwa. Vijidudu vya nimonia, hivi tunakaa navyo kooni bila neno, vinaweza kumuua kwa siku mbili. Chanjo yake daktari amesema mpaka mwaka uishe. Saa hii kinga yake ni penisilini, asubuhi na jioni."

Nilinuna, nikakaa. Kamau alipotokea dirishani hasira zote ziliniisha. Alikuwa amekonda, na nywele zimeota laini kama za mtoto.

"Sasa, dada! Umezeeka," akasema.

"Ni wewe umenizeesha."

Tulicheka mpaka nikakohoa tena. Njeri alipoingia jikoni kupika chai, Kamau akaninyooshea karatasi iliyokunjwa. Nikainuka kuichukua. Ndani mlikuwa na vidonge vinne.

"Meza hizi, zinamaliza kifua kabisa. Hata maitu, mama yetu mwenyewe, nilimpa, na mtoto wa jirani."

"Na zako?"

"Niko poa. Hii ni siku ya nne sijameza."

Kwetu ndivyo tulivyo, dawa ya mmoja ni ya nyumba nzima. Nilizifunga kwenye leso nikamwambia asante.

Saa nane tulianza kurudi, pikapu tupu. Karibu na Juja kifua kilinibana, nikafungua leso nikamwomba Mzee Gitau maji.

"Dawa gani hiyo?"

"Ni ya Kamau. Anameza asubuhi na jioni ili asipate..."

Sikumaliza. Ngai, Mungu wangu! Siku nne ndugu yangu hana kinga! Nilizifunga tena kwenye leso.

"Mzee, geuza gari."

Saa tisa Njeri alifungua geti akidhani nimesahau sufuria. Nilimpa leso na kumwambia yote. Alikimbia ndani, nami nikasahau kigoda, nikasimama mlangoni. Kamau alikuwa chini ya blanketi mbili, anatetemeka, na jua lilikuwa kali.

"Ni baridi tu," akasema. "Tungoje kesho."

"Hakuna kesho!" Njeri alikuwa tayari amebeba mkoba. Alikuwa ameambiwa homa ya mtu kama huyu hailazwi nyumbani hata usiku mmoja. Wao wawili walikaa mbele na Mzee Gitau. Mimi nilipanda nyuma kwenye majani ya mananasi, nimejifunga kanga mdomoni, nikilia mpaka Nairobi.

Ilikuwa nimonia. Alilazwa wiki tatu. Daktari alisema tungengoja asubuhi tungekuwa tunachangia mazishi. Mwaka ulipoisha Kamau alichomwa chanjo yake, na vidonge akaambiwa aendelee.

Siku hizi nikiwa na mafua simwendei, namtumia salamu. Nilikuwa nimefunga safari kudai uboho wangu, na kidogo niuchukue kweli, umefungwa kwenye leso. Na nilikuwa nimesema asante.