Mvua ya Bale na Daftari Langu

Habari hii ilianza mwezi wa nne, siku mimi na mke wangu tulipotoka Kismayo kwenda Gobweyn kumtazama mdogo wake, mjane anayeishi huko karibu na mlango wa mto Juba. Tulipofika tulikuta maji ya mto yamekuwa rangi ya udongo mwekundu, na wekundu huo umeingia baharini hadi mbali. Kwetu mvua ilikuwa haijaanguka hata tone.

"Maji haya yametoka wapi?" mke wangu aliuliza.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na swali la namna hiyo hulijibu kwa urefu kuliko anavyotaka muulizaji. Nilimweleza kwamba huko Ethiopia kuna milima inayoitwa Bale, ambako mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, na kwamba maji yake huteremka mto kwa mto mpaka yanakutana Dolo, na kuanzia hapo ndiyo huitwa Juba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi twende tukaione hiyo mvua," akasema.

Nilidhani anatania. Yeye alizaliwa Kudhaa, kisiwani, ambako visima vina maji ya chumvichumvi na mvua ikinyesha kila mtu hutoka mbio na chombo alicho nacho, hata sufuria ya pilau. Kwake mvua ilikuwa kazi. Lakini mdogo wake alidakia papo hapo, "Na mimi nakwenda," na nikaona hawatanii.

Njiani kurudi mjini niliwaza jambo jingine. Katika miaka yetu ya ndoa tulikuwa tumesafiri mara nyingi, na hakuna hata safari moja tuliyoifanya kwa kupenda. Tulikimbilia Mombasa na mtoto mchanga, tukarudi, tukakimbia tena. Kufunga mizigo kwa dakika chache tulijua. Kukaa tukachagua mahali, tukajadiliana siku ya kuondoka, na bado tukawa na hiari ya kutokwenda, hilo hatukulijua.

Nilinunua daftari. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kusoma Ethiopia alinipa namba ya dereva wa huko milimani anayezungumza Kisomali vizuri, mtu mpole, mwenye kutuma ujumbe wa sauti mrefu huku injini inanguruma. Kwa wiki kadhaa tulipanga naye. Siku ya kwanza, kutoka Addis Ababa hadi penye maziwa. Siku ya pili, kupanda hadi mahali penye swala wakubwa wa milimani. Siku ya nne, kuvuka uwanda wa juu wa Sanetti, kisha kuteremka kwenye msitu ambamo kahawa huota yenyewe. Niliandika hata saa za kusimama ili kutazama mandhari.

Dereva alitushauri tuje kiangazi. "Mwalimu, wakati wa mvua kuna ukungu na matope. Hamtaona kitu."

Nilimpelekea mke wangu shauri hilo likiwa limekwisha kuamuliwa kichwani mwangu. Alikuwa kwenye cherehani, anashona, na aliuliza bila kuinua uso, kwa lahaja ya kwao Kudhaa.

"Mchu asafiri kote huko kwenda kutazama jua?"

Nikafuta tarehe na kuandika nyingine, za likizo ya shule, katikati ya mvua.

Kisha daktari wake wa presha aliposikia kwamba Sanetti iko juu zaidi ya mita elfu nne, alisema apite tu, asilale huko. Nikafuta tena. Makoti nayo yalitusumbua. Kismayo nani auze koti zito? Tuliyapata mwisho wa soko la mitumba, chini kabisa ya rundo, na muuzaji alituuliza mara mbili kama hatujakosea. Shemeji yangu alilivaa la kwake papo hapo, jasho linamtiririka, akatembea nalo hatua chache huku wanawake wa sokoni wakimcheka. Naye alicheka. Tangu afiwe nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo.

Kwa viza nilijaza fomu zote tatu kwenye simu mwenyewe. Nilikagua majina yao herufi kwa herufi, nikampeleka shemeji kupiga picha upya kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli. Majibu yalikuja asubuhi moja nikiwa darasani. Zao zimekubaliwa. Yangu imekataliwa: pasipoti ilikuwa imebakiza miezi minne tu, na Ethiopia hutaka isipungue sita. Tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa wazi siku zote. Niliwakagua wengine, mimi mwenyewe sikujikagua.

Kupata pasipoti mpya kulihitaji kwenda Mogadishu na kungoja, na likizo isingeningoja. Nilimweleza mke wangu mchana, baada ya kula.

"Unataka tusiende?"

Ukweli ni kwamba nilitaka. Nilitaka aseme mwenyewe kwamba bila mimi safari haina maana. Hakusema hivyo, na mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Nendeni," nikasema. "Kila kitu kimeandikwa."

Niliwasindikiza uwanja wa ndege wamebeba makoti mikononi. Daftari nilimkabidhi shemeji, nikiwa nimebaki na nakala yangu kwenye simu. Siku mbili za kwanza nilikuwa nao hatua kwa hatua: sasa wako ziwani, sasa wanapanda. Siku ya nne niliwapigia saa tisa, saa ambayo walipaswa kuwa wamesimama kutazama bonde kutoka kwenye kingo za uwanda. Hawakupatikana. Kesho yake jioni ulikuja ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti ya mke wangu palikuwa na kishindo cha mvua juu ya bati, hata ilimbidi apige kelele.

"Tuko kwenye kijiji msituni! Mama mmoja ametukaribisha, anakaanga kahawa. Hatuendi kwingine. Wewe ndiye uliyepanga naye, mwambie dereva asikasirike!"

Dereva hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika kidogo, kwa sababu zilibaki sehemu tatu nzuri kwenye mpango, moja yenye maporomoko ya maji. Niliusikiliza ujumbe ule mara kadhaa, kisha nikaacha kuwapigia.

Waliporudi, mke wangu alikuwa na mafua na harufu ya moshi wa kuni kwenye nguo. Nilimuuliza kuhusu Sanetti, maana ndiyo sehemu niliyoisoma zaidi.

"Dereva alisimamisha gari, tukashuka," alisema. "Ukungu. Hata mdogo wangu aliye karibu yangu sikumwona vizuri."

"Kwa hiyo hamkuona kitu."

"Hatukuona. Tulisimama tu." Akapenga pua. "Mdogo wangu alilia. Sikumuuliza sababu. Nilimshika mkono, tukakaa vile mpaka dereva akapiga honi."

Nilikuwa na maswali mengine, juu ya barabara na juu ya jina la kile kijiji, ambalo hakulishika. Sikuyauliza. Alisema anataka chai ya tangawizi, na nikaenda kuinjika maji.