Soseji za Fundi Majokofu

Shemeji yangu, fundi majokofu, hajawahi kukutana na jambo asilolijua. Aliposafiri na dada yangu kwenda ng'ambo kumwona mjukuu wao wa kwanza, alishindilia pakiti za soseji katika sanduku la mkewe. Lake likabeba mashati.

"Tuzitaje tukifika, baba watoto," dada alimsihi.

"Kitu kilichofungwa kiwandani si nyama tena. Wanaotaja ni washamba."

Walipofika, afisa wa karantini, anayekagua vyakula vinavyoingia nchini, aliwauliza kama wana chakula. Shemeji akajibu hapana kwa niaba ya wote wawili. Sanduku lilipofunguliwa, simba wa maneno akanywea.

"La mke wangu hilo. Wanawake, afande, hawasikii!"

Hata kuku hujitokeza mbele ya vifaranga wake. Huyu alijificha nyuma ya mkewe.

"Zichukue, mwanangu," dada alimwambia afisa. "Mimi nimefuata mjukuu."

"Pita, mama. Mzee, aliyejibu hapana ni wewe. Baki utoe maelezo."

Alipoachiliwa jioni na kufika nyumbani kwa binti yao, mtoto alikuwa amelala, na hakuna aliyeona sababu ya kumwamsha.