Mbeleko ya Jabez Ollerton

Mashine ya kuchambua pamba ilimkata Jabez Ollerton mkono wa kulia juu ya kiwiko. Kiwandani wakampa pole, wakamwambia hawana kazi ya mtu wa mkono mmoja. Basi mkewe Tamar, mwenye kichanga cha wiki tano, akaingia yeye kwenye mashine za kufumia. Pale Oldham, mji wa viwanda vya pamba huko Uingereza, ndivyo watu walivyoishi: anayeweza kusimama mbele ya mashine ndiye anayekwenda.

Kichanga chenyewe, Ruth, kilipelekwa kwa Bibi Kershaw, aliyelea watoto saba wa wafumaji katika chumba kimoja. Jabez akawa anamsifu bintiye kuwa ni mtulivu. Mpaka siku alipomfunua, akamfinya shavu, na mtoto hakulia. Macho nusu wazi, mbavu zinahesabika.

"Unampa nini, bibi?"

"Matone ya afyuni, mwanangu, mawili matatu tu. Kwani ulidhani hawa saba wanalalaje?"

Jioni ile Jabez alimsimulia Tamar, naye akampakata mtoto. "Harudi kule. Kesho mlete getini, kengele ya mapumziko ya saa mbili asubuhi. Nitamnyonyesha palepale."

"Mimi? Pale wanakuja mabibi na visichana!"

"Una bibi wa kumtuma?"

Hakuwa naye.

"Jabez, mtoto anatutoka huyu."

Asubuhi, Tamar akiwa kazini, alimlaza Ruth kitandani kwenye shali ya mama yake, akashika ncha moja kwa meno na nyingine kwa mkono. Fundo likafunguka. Akafunga tena, likafunguka tena. La tatu likakaa, mtoto akaning'inia kifuani.

Njiani, darajani, walikaa wafumaji wa mkono, wanaume ambao mashine za mvuke ziliwaondolea kazi.

"Mama Ruth! Umejifungua salama?"

"Salama, kaka. Katoto kamefanana na babu yako, hakana hata jino."

Wakacheka. Yeye masikio yalikuwa yanawaka moto.

Getini mabibi walimsogelea, wakamtazama mtoto, wakampisha. Tamar akatoka na pamba kwenye nywele, akamweka Ruth kifuani. Mtoto hakunyonya. Maziwa yakamchuruzika shavuni mpaka kengele ikalia. Saa sita mchana ikawa vilevile, na siku ya pili vilevile. Darajani sasa hakuna aliyemtania, na huo ukimya ulimuuma kuliko dhihaka zao.

Siku ya tatu Tamar alichovya kidole kwenye maji baridi, akamsugua mtoto unyayo. Ruth akakunja uso. Akatafuta titi, akalishika. Akanyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena kwa nguvu, mpaka bibi mmoja akageukia ukuta na kujifuta macho.

Kengele ikalia. Aliyechelewa hufungiwa nje, na mashine yake hupewa mwingine.

"Mtoe, Jabez. Mimi siwezi."

Akapenyeza kidole chake kidogo pembeni ya mdomo ule, akamtoa kwenye titi na kumrudisha ndani ya shali. Tamar akakimbia ndani huku akifunga vifungo vya gauni.

Ruth akalia. Akalia kwa hasira, uso mwekundu, miguu ikimpiga baba yake tumboni, njia nzima hadi darajani.

"We Jabez, si umnyamazishe huyo!"

"Simnyamazishi," alisema, akapunguza mwendo ili wasikie vizuri.