Blanketi la Bibi na Theluji ya Guangzhou

Jamani, chekeni kwanza mmalize, maana mkinichekea katikati nitashindwa kuendelea. Aibu hii nimeivaa kweli, kwa maana ya zipu na vifungo, na mpaka leo kuna wafanyabiashara wa Kariakoo wasiolijua jina langu (naitwa Hamza, asanteni) lakini wakikutana nami tu wanauliza, "Theluji, za siku?"

Yote yalianzia kitandani. Ilikuwa likizo ya majira ya baridi, chuo kimefungwa, Wachina wameenda makwao, na mimi nimebaki hosteli na ratiba yangu nzito ya kitaaluma, yaani kuamka saa sita mchana, kuchemsha tambi na kurudi kulala. Mama akapiga kutoka Dar. "Hamza, shangazi yako anakuja huko wiki ijayo kufunga mzigo wa nguo, mara yake ya kwanza, siku kumi. Utamzungusha masokoni, umsemee na Kichina." Sasa kwa msiojua, Mtanzania anayesoma Guangzhou anachukua shahada mbili, moja ya chuo na nyingine ya kubebea ndugu mabegi kule Shahe kwenye nguo za jumla. Mwaka uliotangulia nilimzungusha mjomba mpaka miguu ikavimba, akanishukuru kwa pea moja ya soksi, tena sampuli.

Likizo yangu ile, kwenda kuimaliza Shahe? Mdomo ukajisemea wenyewe: "Mama, huku theluji imefika magotini. Masoko yote yamefungwa. Mwambie asubiri mpaka mwezi wa nne."

Ndugu zangu, Guangzhou hakuna theluji. Januari yetu ni sweta asubuhi na fulana mchana, na watu wanazeeka hapa theluji wameiona kwenye kalenda tu. Lakini Mama anajua China ni nchi ya baridi, na mwanawe ni msomi, msomi atamdanganya vipi mama yake?

"Theluji!" akasema Mama. "Hebu niione, weka video."

Hapo mtu mwenye akili zake angekiri. Mimi nikasema mtandao unasumbua, nipigie baada ya saa moja, nikaenda kumwamsha Otieno, Mkenya tunayeishi naye chumba kimoja, aliyekuwa na boksi la televisheni lenye lile povu gumu jeupe la kuzuia kifaa kisivunjike. "Buda, utakuja kujuta," akasema, lakini mikono yake ilikuwa tayari inalipukuchua kama mahindi. Mama alipopiga tena akanikuta roshani, taulo shingoni, birika la umeme likifuka mvuke mbele ya uso wangu, na Otieno yuko juu ya stuli, nyuma ya simu, anamwaga punje nyeupe mbele ya feni. Nikagonganisha meno. Nilitetemeka vizuri kuliko watu wenye baridi zao halali. Mama akaanza kulia, "Mwanangu atanifia ugenini!" nami (Mungu anisamehe) nikawaza, hapo sawa, likizo yangu imepona.

Siku ya pili akapiga. "Shangazi yako kakataa kusubiri. Anasema mtoto wa kaka yake hawezi kufa kwa baridi na yeye yupo hai. Anakuja, na nguo nzito anakuletea."

Basi siku yake ilipofika nikapanda metro mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, nimevaa sweta kwa heshima ya uongo wangu, jasho likinitiririka mgongoni. Wakatoka wafanyabiashara wa Dar, wengi, na mavazi yao mepesi, na katikati yao akatokea Shangazi Mwana. Koti la manyoya mpaka vifundoni! Kofia ya sufu, glavu, mabuti. Uso unang'aa kwa jasho. Wale wenzake wote wakasimama nyuma yake kimya, na mimi mjinga sikujiuliza lini Waswahili wa Kariakoo walinyamaza kwa pamoja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba." (Nina jina la babu, yaani baba yake, kwa hiyo ananiita baba.) "Theluji iko wapi?"

Nikatazama nje kupitia kioo. Jua linawaka, msichana mmoja anapita na kaptula anakula aiskrimu.

"Huna bahati, Shangazi. Imeyeyuka leo asubuhi."

Lo! Watu walicheka mpaka wengine wakakalia masanduku. Kumbe ndani ya ndege Shangazi alimuuliza jirani yake kama mabuti yale yatatosha, na jirani mwenyewe miaka yote anakuja Guangzhou, habari ikapita kiti kwa kiti, na kabla ya kutua ndege nzima ilikuwa inanijua.

"Koti nimekaa nalo makusudi," Shangazi akasema taratibu. "Nikasema, baba yangu akiniona hivi atasema kweli."

Akalivua, akanivika mimi, akapandisha zipu mpaka kidevuni. "Si una baridi? Vaa."

Siku kumi! Shahe nzima nimeizunguka na koti la manyoya na mafurushi mabegani, mpaka laoban mmoja, tajiri wa duka la suruali, akamwita mkewe aje kunitazama. Neno la kwanza la Kichina Shangazi kulishika ni lile la wauzaji wakimaanisha hakuna, na kila nikiomba nilivue anajibu, "Mei you!"

Koti ningelisahau. Lakini jioni ya kwanza alifungua begi akatoa blanketi la kijani lenye pindo lililoshonwa upya, nikalijua kabla halijakunjuliwa. La Bibi, wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi ya kweli. "Kalitoa kitandani kwake mwenyewe," alisema Shangazi. "Nilimkatalia, akasema yeye baridi kashaizoea, wewe ni mtoto." Kisha akampigia, akanipa simu.

"Hamza, linakufika miguuni? Wewe mrefu."

Nilimtazama Shangazi anisaidie. Akatazama ukuta.

"Linafika, Bibi."

"Alhamdulillahi. Basi nitalala."

Nililia, jamani, ndani ya lile koti.

Shangazi aliporudi alimpelekea Bibi blanketi jipya, lakini lile la kijani alikataa kulibeba. "Utalirudisha kwa mkono wako na utamwambia kwa mdomo wako." Siku hizi Mama akiuliza hali ya hewa namsomea kama redio, mawingu na upepo bila kuruka kitu. Blanketi liko juu ya kabati, sijathubutu kujifunika. Mwezi wa saba naenda Lushoto, na maneno ya kumwambia Bibi nayafanyia mazoezi mbele ya Otieno, ila mpaka leo sijavuka "Shikamoo, Bibi."