Kurasa Zilizogandana

Kila siku saa kumi jioni mama mmoja, fundi wa cherehani wa nyumba ya kona, alikuwa akiwafungulia mlango watoto sita. Walijibana mkekani katikati ya marobota ya vitambaa, wakazunguka kitabu kimoja, maana kilikuwa kimoja tu, wakasoma kwa sauti huku yeye akishona. Hakulipwa hata senti. Hao walikuwa watoto ambao mwalimu wao, mwenye wanafunzi themanini na tisa darasani, alishawakatia tamaa.

Fundi mwenyewe aliishia darasa la sita, lakini hata gazeti lililofungiwa sabuni hakulitupa kabla ya kulimaliza. Macho yake yalikuwa kwenye sindano, masikio kwa watoto. Akisikia kosa, aligonga meza kwa mkasi.

Fahari yake ilikuwa mjukuu wa dobi, binti wa miaka kumi na mmoja, waliyemwita Redio kwa sauti yake. Kitabu kizima alikimaliza bila kukwama. Mwalimu mkuu alikuwa amesema atamsikiliza Jumatatu: akisoma, aende darasa la nne, asiposoma, arudi la kwanza. Na bibi yake alishaapa, "Wa kukaa na vitoto vya miaka sita si mjukuu wangu. Atabaki nyumbani tufue wote."

Ijumaa sindano ikakatika. Fundi, kwa kukosa la kufanya, akaketi mkekani.

"Haya Redio, nisomee. Leo nakutazama."

Redio akasoma, kidole kikitembea chini ya maneno. Fundi akakifuata kwa macho, akitabasamu. Kisha mtoto akafunua, na kumbe kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa gundi. Akazipindua pamoja bila kujua. Kidole kikatua kwenye habari za mto, mdomo ukaendelea na habari za soko, zile zilizofichwa ndani ya gundi. Hakukosea hata neno moja.

Fundi akaweka kidole chake kwenye ukurasa.

"Ngoja. Hili ni neno gani?"

Redio akalikodolea macho neno lile.

"Na hili?"

"Shangazi, Redio imeisha betri!" akadakia mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

"Funga mdomo wewe!" fundi akamkaripia.

Redio akamtazama fundi kwa mshangao wa kweli. "Wenzangu wakisema mara mbili, yanakaa kichwani. Kwani kusoma siyo hivyo? Nilidhani wote tunafanya hivyo."

Miezi saba! Miezi saba mkasi haukugongwa kwa ajili yake, kwa sababu masikio hayakuwa na cha kulalamikia. Siku mbili fundi alilipima jambo hilo. Kitabu cha mtihani kilikuwa hicho hicho. Mwalimu mkuu ndiye aliyempa fundi. Akinyamaza tu, mtoto anapita. Lakini la nne wana vitabu saba.

Jumatatu, ofisini, bibi alikaa ukingoni mwa kiti na mtandio wake mpya. Redio akatiririka. Mwalimu mkuu alikuwa ameshashika kalamu aliponyoosha mkono fundi, akakifunika kitabu kwa kiganja.

"Mwalimu, hajui kusoma. Amekariri. Kosa ni langu, nilikuwa nasikiliza tu, sitazami."

Kalamu ikabaki hewani. Mwalimu mkuu akafungua ukurasa wa katikati, akagusa neno moja fupi. Redio akainamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye karatasi.

"Umeniaibishia mjukuu wangu!" Bibi akasimama, akamkabili fundi. "Mbona anasoma? Nyumbani ananisomea kila..."

Mkono ukaenda polepole kwenye mfuko wake wenye dawa.

"Mama, anakusomea nini?" akauliza mwalimu.

"Vidonge vyangu vya presha." Bibi akamtazama mjukuu wake. "Tangu nilipobadilishiwa dawa. Ananiambia asubuhi viwili, jioni kimoja. Wewe mtoto, nani alikuambia hivyo?"

"Zile za zamani ndivyo zilivyokuwa, bibi," Redio akanong'ona. "Nilisikia nesi akisema."

Fundi akatoa pakiti kwenye mfuko wa bibi, akasoma kwa sauti: kimoja tu, asubuhi. Akarudia, maana mwenyewe hakuamini. Siku kumi na mbili, tangu abadilishiwe dawa, mama wa watu alikuwa akimeza mara tatu ya kipimo chake.

Bibi akarudi kitini. Akamgeukia mwalimu mkuu.

"Darasa la kwanza liko mlango gani? Mpeleke sasa hivi. Mimi acha fundi anisindikize hospitali."